Chumba kimoja, watu watatu: Ukimpeleka mtoto Muhimbili, mtalala wapi?

Barua ya rufaa ikishasainiwa na daktari wa mkoa, familia hukaa kikao. Nani anakwenda na mtoto? Mama, hilo halina mjadala. Nani wa pili? Hapo ndipo bibi, shangazi au baba anapoingia, kwa sababu kila aliyewahi kuuguza mtoto hospitali kubwa anajua mtu mmoja hatoshi. Mmoja akae na mtoto kwenye foleni, mwingine akimbie maabara, famasia na dirisha la malipo. Nauli inachangwa, nguo zinafungwa, mchele kidogo unatiwa kwenye begi. Suala la kulala linaachwa mpaka basi limeshapita Chalinze.

Watu watatu ni idadi ngumu kwa hoteli na gesti za mjini. Vyumba vingi vimepangwa kwa mtu mmoja au wawili, na bei imeandikwa hivyo hivyo: singo, dabo, basi. Chumba chenye vitanda vitatu kipo, lakini ukitafute. Familia nyingi huishia kuchukua dabo moja na kuambiana "tutabanana." Kwa usiku mmoja wa harusi au msiba, kubanana si neno. Kwa familia iliyokuja kutibiwa, ambayo inaweza kukaa siku tano au wiki tatu, chumba ni sehemu ya matibabu. Mtoto atapona humo au ataambukizwa humo, na yule anayemuuguza atapata usingizi humo au ataukosa.

Makala haya yanamhusu mzazi anayetoka mkoani kwenda Dar es Salaam na watu wake wawili. Anayekwenda Bugando kule Mwanza au KCMC kule Moshi atayaona mengi ni yale yale.

Soma barua kabla ya kutafuta chumba

Kwanza angalia jina la hospitali kwa makini. "Muhimbili" iko sehemu mbili. Ya Upanga iko katikati ya jiji, na katika eneo lake ndimo zilimo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI) na Taasisi ya Mifupa (MOI). Nyingine ni Mloganzila, upande wa Kibamba, ukiwa bado hujaingia mjini kama unatokea Morogoro. Kati ya hizo mbili kuna zaidi ya kilomita 20 na foleni ya Barabara ya Morogoro. Anayekwenda Mloganzila akipanga chumba Kariakoo, kila siku ataianza kwa kurudi alikotoka. Huyo bora atafute Mbezi au Kibamba. Saratani ya mtu mzima mara nyingi ni Ocean Road, kule karibu na bahari, na hapo Posta na Upanga ndiko karibu.

Kwa anayekwenda Upanga, kuna jambo moja la jiografia ambalo wenyeji wanalijua na wageni hawaambiwi: bonde la Jangwani. Mto Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na mabasi ya mwendokasi husimama. Magomeni, Manzese, Sinza na Ubungo zote ziko ng'ambo ya bonde hilo. Siku ya kawaida Magomeni ni jirani kabisa na hospitali. Siku ya mvua kubwa ya masika, Magomeni na Muhimbili ni kama miji miwili, na utalazimika kuzunguka pamoja na jiji zima lililozunguka. Kama kliniki ya mtoto imeangukia Machi, Aprili au Mei, mimi ningelipa zaidi kidogo nilale upande wa Kariakoo, Ilala au Upanga, nikiwa na uhakika kwamba hata kwa miguu nitafika.

Fanya hesabu ya nauli pamoja na ya chumba. Tuseme gesti ya Manzese ni shilingi 25,000 na chumba cha karibu na hospitali ni 45,000. Tofauti ni 20,000 na inauma. Lakini mtoto akilazwa, bibi atapeleka uji asubuhi na chakula jioni, na ukiongeza siku ambazo mtoto hawezi kubanwa kwenye mwendokasi mkachukua bajaji, ile tofauti inayeyuka kabla ya Alhamisi. Bima ya afya hulipia matibabu, hailipii kitanda cha gesti wala bajaji.

Na ndugu wa Mbagala je? Wengi hufikia kwa ndugu, na undugu ndivyo ulivyo. Ila mtoto aliyetoka kupasuliwa, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye watoto wengine wanne, mmoja wao ana mafua, yuko mahali pabaya kuliko gesti ya bei rahisi. Hilo ni gumu kumwambia shemeji yako. Msemo wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe haukutungwa kwa ajili ya wagonjwa, lakini nao una ukweli wake. Njia ya katikati inayofanya kazi ni ndugu apike na alete chakula, ninyi mlale karibu na hospitali.

Sentimita 61 kwa kila mmoja

Sasa kitanda. Gesti nyingi zina kitanda cha futi tano kwa sita au sita kwa sita. Futi sita ni sentimita 183. Mkilala watatu, kila mmoja anapata sentimita 61, ambazo ni sawa na upana wa godoro la kitanda kile chenye vizuizi anacholazwa mtoto mchanga. Futi tano ni sentimita 152, yaani 51 kwa mtu, zimezidi kidogo kiti cha basi mlichotoka kukikalia. Mama aliyelala hivyo siku nne mfululizo hawezi kukumbuka kama dawa ya saa mbili ameshaitoa au bado, na dozi hurudiwa au hurukwa kwa uchovu wa namna hiyo.

Kwa hiyo ukipiga simu usiulize tu "mna chumba?" Neno dabo lina maana mbili: kuna sehemu dabo ni kitanda kimoja kikubwa, kuna sehemu ni vitanda viwili vidogo. Uliza hivi: "Dada habari za kazi, natoka Njombe na mtoto wa miaka minne na mama yangu mzee, tunakuja Muhimbili. Mna chumba cha vitanda viwili? Futi ngapi kila kimoja? Godoro la ziada mnatoa, na mnatoza shilingi ngapi? Kiko ghorofa ya ngapi?" Maneno hayo ni dakika moja ya simu. Dada wa mapokezi akisikia kuna mgonjwa na mzee, mara nyingi atakwambia mwenyewe mambo ambayo hukuuliza, kwa mfano kwamba chini kuna baa na Ijumaa muziki unakwenda mpaka usiku wa manane.

Mpango ninaoupendelea kwa watatu ni vitanda viwili. Mtoto mgonjwa alale na mmoja tu, na ikiwezekana huyo asiwe yule yule kila usiku. Mtoto mwenye jeraha la upasuaji, plasta gumu au mpira wa dawa mkononi asiwekwe katikati ya watu wazima wawili, hata kama ndivyo mlivyozoea nyumbani. Mkono wa aliyelala hauna macho.

Kwa mtoto mchanga sheria ni kali zaidi. Alazwe chali, kwenye godoro gumu lisilobonyea, bila mto wala blanketi zito karibu na uso wake. Kitanda laini cha hoteli chenye mito minne kinapendeza kwenye picha, na kwa kichanga ni hatari. Hatari huongezeka pale anapolala na mtu aliyechoka sana, aliyekunywa pombe au aliyemeza dawa za kumpa usingizi. Mama aliyesafiri kilomita 700 na basi yumo kwenye kundi la waliochoka sana, tusidanganyane. Godoro dogo la ziada sakafuni pembeni ya kitanda, lenye shuka lililobanwa vizuri na neti yake, ni mahali pazuri kwa kichanga kuliko katikati ya bibi na mama.

Hosteli za taasisi za dini, kama Msimbazi Centre pale Ilala, na baadhi ya hoteli za zamani za Kariakoo na Posta zina mazoea ya kupokea makundi, kwa hiyo anza kuuliza huko. Na kabla hamjalipa popote, ukifika hospitali ulizia ofisi ya ustawi wa jamii. Wao ndio wanaojua ni mashirika gani yanasaidia malazi. Kwa watoto wenye saratani, shirika la Tumaini la Maisha pale Muhimbili limekuwa na nyumba kwa ajili ya familia zinazotoka mikoani. Kuna wazazi wanaomaliza akiba yote gesti ndipo wanasikia habari hizo kutoka kwa jirani wa kitanda wodini.

Mtu wa tatu halali ndani ya neti

Ukiingia chumba chochote Dar es Salaam, angalia dari kabla hujaangalia televisheni. Neti ipo? Ina matobo? Inafika chini ikachomekwa chini ya godoro pande zote? Neti ya kitanda hufunika kitanda. Yule wa tatu, aliyelala kwenye godoro sakafuni, yuko nje, na karibu kila mara huyo ni bibi, kwa sababu bibi ndiye anayesema "mimi hapa chini panatosha, mwanangu."

Familia inayotoka Njombe au Makete ina sababu ya ziada ya kulichukulia hilo kwa uzito. Huko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, malaria ni kidogo, na mwili ambao haujakutana na malaria mara kwa mara hauna kinga ya kupambana nayo. Huyu ndiye anayeugua vibaya. Bebeni neti moja yenu yenye dawa, kamba na vipini vichache. Inaingia kwenye mfuko wa begi, na mkifika mnaifunga kwenye nondo za dirisha na miguu ya meza. Mhudumu akiwashangaa, mwacheni ashangae.

Mbu wa malaria huuma usiku. Yule wa dengue huuma mchana, na Dar es Salaam imewahi kupata milipuko ya dengue, mwaka 2014 na tena 2019. Huyo huzaliana kwenye maji safi yaliyosimama: ndoo ya akiba bafuni isiyo na mfuniko, sahani ya chini ya chungu cha maua, tairi lililotupwa uani. Gesti nyingi huweka ndoo ya maji bafuni kwa sababu ya mgawo. Omba mfuniko, au imwage na kuijaza upya. Mtoto anayelala mchana baada ya dawa alale ndani ya neti mchana huo huo.

Kunguni nao wapo, na si ishara ya gesti ya maskini, kwani wanasafiri kwa mabegi ya kila mtu. Inua shuka, angalia kwenye mishono ya godoro na nyufa za kitanda, tafuta vidoa vidogo vyeusi. Kunguni hawajulikani kuambukiza magonjwa, lakini wanakosesha usingizi na kuacha vipele ambavyo kesho yake daktari wa mtoto atabaki anajiuliza ni mzio wa dawa au ni nini. Ukiviona vidoa hivyo, omba chumba kingine. Usikubali chumba kipulizwe dawa ya wadudu kisha muingie na mtoto saa hiyo hiyo, hasa mtoto mwenye pumu.

Feni, kiyoyozi na dirisha

Mtu wa Njombe akishuka Mbezi Luis mwezi wa Februari anahisi kama amefungua mfuniko wa sufuria. Joto la Dar miezi hiyo hufika nyuzi 32 na hewa imejaa unyevu. Kiyoyozi kinatamaniwa na kila mtu.

Ila kuna mtoto mmoja ambaye baridi ya ghafla inamuumiza: mwenye selimundu. Baridi na upungufu wa maji mwilini ni vichocheo vya maumivu yake. Mtoto huyo akitoka kuoga akalala chini ya kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 18, mnaweza kuamka saa nane za usiku mkitafuta bajaji ya kwenda dharura. Kwake feni inatosha, isielekezwe kwake moja kwa moja, na chupa ya maji iwe karibu na mto. Kama kiyoyozi hakikwepeki, kiwekeni nyuzi 25 au 26 na mtoto avae soksi.

Dirisha ni muhimu kuliko vyote viwili. Chumba kisicho na dirisha linalofunguka, na vipo vingi Kariakoo vinavyotazamana na ukuta wa jirani, kinawafungia watu watatu hewa ile ile wanayopumua usiku kucha. Mmoja akiwa na kikohozi, wote wamo. Na kama bibi amekohoa wiki mbili au zaidi, apimwe kifua kikuu kabla ya safari, si baada ya kulala wiki nzima na mjukuu mwenye moyo mgonjwa. Zahanati ya kijijini inaweza kuanzisha vipimo hivyo bure.

Sasa ule mchele wa kwenye begi. Familia zinazobana matumizi hupika chumbani, na jiko la mkaa hufichwa bafuni ili mhudumu asione moshi. Mkaa ukiwaka vizuri hautoi moshi wa kuonekana, ndiyo maana watu hudhani umekuwa salama. Unatoa hewa ya kaboni monoksidi yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo humwingia aliyelala bila kumuamsha. Familia nzima inaweza isiamke. Hakuna chakula cha bei ya kufidia hilo. Jenereta lililowekwa chini ya dirisha lenu lina sumu hiyo hiyo. Umeme ukikatika likawashwa, fungeni dirisha la upande huo au ombeni kuhama. Kama kupika ni lazima, uliza kama gesti ina jiko la nje. Baadhi wanayo na wanaruhusu, ukiomba kwa adabu na kumwachia kitu kidogo mama wa jikoni.

Choo cha kukaa

Kwa wagonjwa wa MOI naomba ukurasa huu usomwe kwa sauti. Mtoto aliyewekewa plasta gumu kuanzia kiunoni, au bibi aliyebadilishwa nyonga, hawezi kuchuchumaa. Chumba kinaweza kuwa selfu, kikawa na vigae vinavyong'aa, na choo kikawa cha kuchuchumaa. Hilo halionekani kwenye picha za kwenye simu. Uliza kwa maneno hayo hayo: choo ni cha kukaa?

Bibi yangu mzaa mama anatumia fimbo, na nilipomsindikiza kliniki ya magoti tulipewa chumba ghorofa ya tatu katika jengo lenye lifti. Lifti ilikuwepo kweli. Umeme ulikatika saa kumi na moja alfajiri, na bibi akashuka ngazi 54, nazihesabu mpaka leo, akisimama kila baada ya tano. Tangu siku hiyo kwangu lifti ni pambo. Mzee au mtoto asiyetembea apewe chumba cha chini, hata kama cha juu kina upepo na bei ni moja.

Vigae vya bafuni vikilowa ni utelezi. Taulo lililotandazwa sakafuni linasaidia kidogo, kandambili zenye meno zinasaidia zaidi. Angalia hita ya kuogea: kama nyaya zinaonekana au ukigusa bomba unasikia mshituko mdogo, izime na uombe maji ya moto ya ndoo. Maji ya bomba katika gesti nyingi za Dar ni ya kisima na yana chumvi. Ya kuogea sawa, lakini ya kunywa, ya kukorogea maziwa ya mtoto na ya kusafishia kidonda yawe yaliyochemshwa au ya chupa. Nailoni ya kutandika chini ya shuka ibebwe kutoka nyumbani. Mtoto aliyelala na dawa anaweza kukojoa kitandani hata kama aliacha zamani, na godoro likiloa mtalipishwa.

Dirisha la ghorofani liwe na nondo. Kama lipo baraza, mlango wake ufungwe na ufunguo ukae juu, na meza au kiti visiwe karibu nalo. Mtoto mwenye afya ya kutosha kuruhusiwa kutoka wodini ana afya ya kutosha kupanda kiti.

Dawa za bibi

Hili nalisema kama mwandishi wa afya, na ningependa wazazi walibebe kuliko yote niliyoyataja. Nyumbani dawa za presha na kisukari za bibi ziko kabatini, juu. Kwenye chumba cha watu watatu hakuna kabati. Ziko kwenye mkoba, mkoba uko sakafuni, na mtoto wa miaka miwili au mitatu ana siku nzima ya kuupekua. Kidonge kimoja tu cha glibenclamide, dawa ya kisukari ya kawaida kabisa, kinaweza kushusha sukari ya mtoto mdogo kwa kiwango cha hatari, na dalili zinaweza kuchelewa saa kadhaa. Baadhi ya vidonge vya presha navyo ni hivyo hivyo. Mgonjwa aliyeletwa Dar ni mtoto mkubwa mwenye moyo, anayelazwa dharura ni mdogo wake.

Siku ya kwanza, kabla ya kufungua chakula, tafuteni msumari au ndoano ya juu ukutani mtundike mfuko mmoja wenye dawa zote, za kila mtu. Asiachiwe mtoto dawa "achezee" kwa sababu kopo linalia vizuri. Akimeza, msimtapishe wala kumnywesha maziwa. Chukueni pakiti ya dawa na muende nayo hospitali moja kwa moja.

Dawa zinazohitaji ubaridi, kama insulini ambayo haijafunguliwa na baadhi ya antibiotiki za maji zikishachanganywa, ziwekwe kwenye friji. Vyumba vingi havina. Mapokezi au jikoni wanayo. Funga dawa kwenye mfuko, andika jina na namba ya chumba, na umwombe mtu mmoja aiangalie, usimwachie kila mtu. Insulini inayotumika inaweza kukaa nje ya friji wiki kadhaa kama joto halizidi kiasi kilichoandikwa kwenye boksi lake, lakini chumba cha Dar kisicho na feni mchana wa Februari kinazidi.

Kitabu cha wageni

Gesti zina kitabu cha wageni na zitataka vitambulisho. Beba cha kwako, cha bibi, na nakala ya cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki ya mtoto, pamoja na barua ya rufaa. Zipo gesti zilizobandika tangazo kwamba wanaume wawili hawaruhusiwi kulala chumba kimoja. Baba na mjomba waliomleta kijana wa miaka 15 wamekuta tangazo hilo usiku, wakiwa na mabegi mikononi. Barua ya rufaa hufungua mlango huo haraka kuliko mabishano. Baba anayesafiri peke yake na binti wa miaka 13 anaweza kuulizwa maswali ya ziada, na mimi naona ni vizuri aulizwe.

Mabasi ya usiku yaliporuhusiwa tena mwaka 2023, familia nyingi zilianza kufika Mbezi Luis alfajiri. Tatizo ni kwamba chumba hukabidhiwa mchana, na siku ya kuondoka wanataka ufunguo saa nne asubuhi, wakati ambao bado uko kwenye foleni ya kliniki. Mambo yote mawili yaulizwe kwenye ile simu ya kwanza: tukifika saa kumi na moja alfajiri mtatupokea, na mtatuza siku nzima? Siku ya mwisho tunaweza kuacha mabegi mapokezi?

Lipeni siku moja moja, au mbili mbili, hata mkipewa punguzo la wiki. Mtoto akilazwa, kwa kawaida mtu mmoja ndiye anayeruhusiwa kulala naye wodini, na ghafla chumba cha watatu kina bibi peke yake. Hapo hamieni singo. Fedha inayobaki ndiyo itakayowarudisha kwenye chumba kikubwa mtoto akitoka, siku ambayo atahitaji nafasi na utulivu kuliko siku aliyofika. Msiondoke siku hiyo hiyo kama daktari amesema mkae karibu siku chache. Bibi aliyebaki peke yake naye apigiwe simu jioni, aulizwe kama amekula na kama amemeza dawa zake. Wauguzaji hujisahau, na wazee hawasemi.

Chukueni risiti kila mnapolipa. Baadhi ya waajiri na vikundi vya kuchangiana vijijini hurudisha gharama kwa karatasi, hawarudishi kwa maelezo. Hifadhi namba ya yule dada wa mapokezi kwa jina la gesti na neno Muhimbili mbele yake, kwa sababu kadi ya mtoto itakuwa imeandikwa tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu.

Na mkishafika nyumbani, kwa majuma mawili hadi manne ya mwanzo, yeyote kati yenu watatu akipata homa, apelekwe kupimwa malaria siku hiyo hiyo na amwambie muuguzi alikuwa Dar es Salaam. Njombe hawaifikirii malaria kwanza. Anzeni kumwangalia aliyelala chini.